Hadithi za Zamani Zinatusaidia Kukaa Pamoja

Hotuba tuliyotoa Lubumbashi mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, mashefu na viongozi wa makanisa

 

Leo hatukuja kugawa mabati wala unga. Tunalisema mapema ili asiwepo mtu wa kungoja bure. Tumekuja kuzungumza juu ya vitabu vya hadithi. Tunajua wengine watajiuliza: mtu aliyekimbia nyumba yake, anayetafuta makala na bukari ya jioni, atafanya nini na kitabu cha hadithi? Swali hilo ni la haki. Sisi wenyewe wafanyakazi wa shirika tulijiuliza hivyo hivyo. Tunaomba mtusikilize kwanza, kisha mtahukumu.

Hadithi tunazozisema ni za aina moja: zile ambazo mwandishi anachukua jambo lililotokea kweli zamani, vita, mgomo au utawala wa wageni, halafu ndani yake anaweka watu aliowatunga kwa mawazo yake ili tuone jinsi walivyoishi. Wasomi wanaziita riwaya au tamthilia za kihistoria. Mgomo ni wa kweli, lakini kijana anayebishana na mama yake usiku kabla ya mgomo ametungwa. Vita ni vya kweli, lakini mazungumzo ya wapiganaji chini ya mti yametungwa.

Jinsi tulivyoanza

Tulianza na kikundi kidogo katika kartie moja ya pembezoni mwa mji huu. Kilikuwa na watu ishirini hivi: familia zilizotoka upande wa Mitwaba, Pweto na Manono, na wenyeji wa kartie wanaokaa nao. Siku ya Jumamosi mchana, baada ya watu kutoka sokoni, tulikutana kwenye ukumbi wa parokia. Wengi hawakusoma Kifaransa cha kutosha. Kwa hiyo tulichagua vitabu vya Kiswahili, na mwalimu mmoja, yeye pia mkimbizi, alisoma kwa sauti. Kitabu kilikuwa kimoja na wasikilizaji ishirini.

Mnajua kwamba Kiswahili cha vitabu vya Tanzania si Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Mara kwa mara mwalimu alisimama kueleza neno. Mwanzoni tuliogopa watu watachoka, lakini jambo hilo lilisaidia. Kila neno lililoelezwa lilileta mazungumzo, na kila mazungumzo yalimfanya mtu mmoja aseme: hata kwetu ilikuwa hivyo.

Kitabu cha kwanza: mgomo wa Unguja na mgomo wetu

Kitabu cha kwanza kilikuwa Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979. Inasimulia maisha ya kijana Rashidi na wenzake wanaobeba mizigo katika bandari ya Unguja, na jinsi makuli hao wanavyofikia kugoma. Mgomo wenyewe ni historia: ulitokea Unguja mwaka 1948.

Tulifikiri kitabu cha bandari kitakuwa mbali na watu wa hapa, ambao wengi hawajaona bahari. Kumbe hatukujua wasikilizaji wetu. Walipofika mahali makuli wanapokubaliana kuacha kazi, mama mmoja wa komini ya Kenya alisema kwa Kiswahili chetu: «Bale bantu njo shiye.» Watu wale ndio sisi. Akatueleza kwamba babu yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, na nyumbani kwao hadithi ya risasi za stadi ilisimuliwa kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa.

Alikuwa anasema juu ya Desemba 1941. Vita kuu ya pili ilikuwa inaendelea, shaba ya Katanga ilihitajiwa sana, bei za vitu zilikuwa zimepanda, na mshahara wa mfanyakazi mweusi ulikuwa mdogo mno. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa mji huu, ulioitwa wakati huo Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pamoja na wengi wengine.

Tuliuliza katika kikundi: waliouawa pale walikuwa wa kabila gani? Hakuna aliyeweza kutaja kabila moja, na haiwezekani, maana kampuni ilikuwa imekusanya watu kutoka Kasai, Lomami, Maniema, Ruanda-Urundi, Rhodesia na vijiji vya hapa Katanga. Waliomba mshahara pamoja na wakapigwa risasi pamoja. Watoto wa watoto wao, miaka hamsini baadaye, walifukuzana. Siku ile tulifunga kitabu mapema, kwa sababu watu walitaka kuzungumza wao kwa wao.

«Ile ni bongo tu»

Si kila mtu alifurahi. Mzee mmoja, aliyekuwa kapita wa wajenzi kabla ya kukimbia, alisikiliza Jumamosi tatu bila kusema neno. Ya nne akasimama. Akasema: «Ile ni bongo tu.» Uongo mtupu. Nyumba yangu iliungua kweli, ndugu yangu alikufa kweli. Ninyi mnaniletea mtu ambaye hakuzaliwa na mnataka nimlilie?

Wapendwa, hatukuwa na jibu la haraka, na tunafikiri kila kiongozi anayetaka kutumia hadithi lazima akutane na swali la mzee huyu. Mtu aliyepoteza wake hapendi kuona msiba unageuzwa mchezo. Ana haki.

Jumamosi iliyofuata tulimjibu kwa mfano wa hapa hapa mjini. Wengi wenu mnakumbuka picha zilizotundikwa zamani katika nyumba za Lubumbashi: mamba muntu, na ile ya askari anayempiga mfungwa kiboko, iliyoitwa Colonie belge. Picha za namna hiyo watu waliziita ukumbusho. Mmoja wa waliozichora alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian picha zipatazo mia moja za historia ya nchi yetu tangu zamani hadi wakati wa Mobutu, na kila moja akaieleza kwa Kiswahili. Fabian alizitoa katika kitabu mwaka 1996. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena.

Katika picha zake kuna ile ya kifo cha Lumumba. Sote tunajua habari: tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege hapa Elisabethville, na usiku uleule waliuawa porini. Tshibumba aliwachora wamelala chini, na nyuma yao, kwa mbali, akaweka misalaba mitatu.

Tulimwuliza mzee: porini pale palikuwa na misalaba mitatu? Akajibu: hapana. Je, mchoraji alisema uongo? Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: hapana, alitaka tujue ni kifo cha namna gani. Kila Mkristo wa mji huu akiona misalaba mitatu anaelewa mara moja, hata asipoelezwa.

Hapo ndipo tulipoelewana. Mwongo anataka usijue lililotokea. Mtunzi mwema wa hadithi za historia anataka ulielewe, na hafichi kwamba ametunga. Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Jeneza lilipitishwa Shilatembo, karibu na mji wetu, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Miaka zaidi ya sitini familia haikuwa na kaburi. Katika muda huo wote, waliolinda kumbukumbu yake mitaani walikuwa wasimuliaji na wachoraji.

Mzee yule hakuacha kuja. Mpaka leo, kila tukimaliza sura, yeye ndiye anayeuliza: hapa kweli ni ipi, na kilichotungwa ni kipi? Swali lake sasa ni sheria ya kikundi.

Jumamosi ngumu

Sasa tueleze kosa letu wenyewe. Baada ya Kuli tulichagua tamthilia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Inahusu vita vya Maji Maji katika nchi inayoitwa leo Tanzania, kati ya 1905 na 1907. Mtu mmoja wa Ngarambe, Kinjeketile Ngwale, aliwapa watu maji, na watu wakaamini kwamba maji hayo yatawakinga na risasi za Wajerumani. Makabila ambayo hayakupatana yaliungana. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vilipokuwa vinaanza tu. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa ni kati ya 75,000 na karibu 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata, kwa sababu mashamba na vyakula vilichomwa.

Sisi tuliosoma chuo tuliona tamthilia nzuri. Hatukufikiri inavyosikika masikioni mwa mtu aliyekimbia Mayi-Mayi. Ninyi mnajua. Mnajua maana ya maji na dawa za risasi katika nchi kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, iliyoitwa pembetatu ya kifo. Mnakumbuka tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa Kata Katanga walipoingia katika mji huu na hirizi shingoni. Mwisho wa mwaka ule, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wapata 400,000 waliohama makwao katika Katanga nzima.

Katika kikundi chetu alikuwemo kijana ambaye hakusema sana. Mwalimu aliposoma pale watu wanapokuja kupokea maji, kijana alisimama akatoka nje. Hakurudi. Jioni ile watu walianza kunong'ona, na jambo lililofichwa likajulikana: alichukuliwa na Mayi-Mayi akiwa mtoto, akatembea nao zaidi ya mwaka. Na katika ukumbi uleule aliketi mama ambaye kaka yake aliuawa na Mayi-Mayi.

Jumamosi iliyofuata hatukusoma. Watu waligawanyika. Wengine walisema afukuzwe kikundini, na afukuzwe hata kartie. Wengine walisema kitabu ndicho kifukuzwe. Sisi tuliomba msamaha mbele ya wote, kwa sababu tulichagua bila kuuliza mtu. Tulikwenda kwa kijana mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili alifungua lakini hakutaka mazungumzo.

Aliyeokoa kikundi ni shefu mmoja wa kijiji, mkimbizi kama wengine, ambaye sasa hana kijiji cha kuongoza. Alisema maneno machache: kitabu kitabaki, na kijana akitaka kurudi atarudi, lakini hakuna atakayelazimishwa kusema naye. Kisha akamgeukia yule mama na kumwuliza kama anakubali. Mama alijibu: anaweza kukaa, lakini asikae karibu yangu.

Baada ya wiki tatu kijana alirudi. Aliketi karibu na mlango. Mwalimu aliendelea kusoma mpaka mwisho. Katika mwisho huo Kinjeketile amefungwa, na wakubwa wanamtaka awaambie watu kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, akifikiria watoto watakaoambiwa kesho kwamba baba zao walipigania kitu cha bure. Ukumbi ulikuwa kimya. Kijana akauliza swali moja: «Nani alipatiaka batoto ile mayi?» Ni nani aliyewapa watoto maji yale?

Katika kitabu hakuna jibu la swali hilo, kwa sababu halimo. Lakini ukumbi mzima ulilielewa. Kwa mara ya kwanza watu walimwona aliyekuwa Mayi-Mayi kama mtu ambaye naye alipewa kitu na mtu mkubwa, akiwa bado mdogo mno kukataa. Wababa walianza kusema juu ya wakubwa waliowapa watoto dawa na bunduki. Mmoja alikiri kwamba yeye mwenyewe alishangilia vijana wale walipopita kijijini kwake mara ya kwanza.

Hatukupiga picha siku ile. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Tunalisema kwa sababu katika kazi yetu tunapenda kuandika ripoti zenye mwisho mzuri. Yule mama mpaka leo hasalimiani na kijana. Lakini wote wawili wanakuja kila Jumamosi, na hakuna aliyefukuzwa kartie. Kwa sisi tunaofanya kazi ya amani, hilo si jambo dogo.

Mwandishi mwenyewe alitusaidia hapo. Hussein alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, bali ni mtu wa mawazo yake. Hilo lilimpa kila mmoja nafasi. Kijana hakulazimika kusimama na kusema: mimi nilifanya hivi. Aliuliza juu ya mtu wa kitabu. Mama hakulazimika kusema: wewe uliniulia kaka. Alisikiliza juu ya vita vya mbali, vilivyopita zaidi ya miaka mia moja. Mnajua jinsi watu wawili wanavyoweza kubeba kitu cha moto wakipata kitambaa. Hadithi ilikuwa kitambaa chao.

Katanga pia ina hadithi zake

Wasije wengine wakadhani kwamba lazima tuazime kila kitu Tanzania. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alitoa mwaka 1989 riwaya Shaba deux, iliyoandikwa kama daftari la mtawa mmoja Mwafrika wakati wa vita vya Kolwezi vya 1978. Iko katika Kifaransa, na tungefurahi kuona siku moja ikisomwa kwa Kiswahili. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1981, ameandika katika La danse du vilain (2020) juu ya miaka ya mwisho ya Zaire.

Wala si lazima uwe profesa. Mwaka 1965 wafanyakazi wa zamani wa majumbani mwa wazungu waliandika historia ya mji huu katika Kiswahili chao, ikaandikwa na André Yav kwa niaba yao. Ni wapishi, maboyi na wafuaji nguo. Ndani yake kuna tarehe zisizolingana na vitabu vya wazungu, na mambo yaliyosimuliwa kama yalivyosikika mitaani. Lakini inasema jinsi waliohudumia meza walivyoyaona mambo, na mambo hayo huwezi kuyapata katika barua za gavana. Na kundi la michezo la Mufwankolo lilicheza miaka mingi redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha mji huu, bila karatasi. Waigizaji walikubaliana njia ya mchezo kwa mdomo, kisha wakacheza. Hivyo hata asiyejua kusoma ana nafasi.

Kikundi chetu kilipata moyo kwa mifano hiyo kikatunga mchezo wake. Walichagua mwaka 1961. Wakati ule Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na Baluba waliotishwa mjini walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa hapa Elisabethville. Walikuwa makumi ya maelfu. Watu wa mchezo wamejengwa kwa mawazo: mama mwenye watoto wanne, mwenye nyumba, na askari kijana.

Walicheza mchezo huo katika kartie wakati wenyeji na wakimbizi walipokuwa wakigombana kwenye bomba la maji. Wenyeji walisema wakimbizi wanamaliza maji. Matusi yalikuwa yameanza, na siku mbili kabla yake watu walikuwa wamepigana na ndoo. Mchezo ulipokwisha, mzee mmoja mwenyeji, mwenye nyumba anayepangisha, alisimama. Akasema kwamba yeye alizaliwa katika kambi ile. Wajukuu zake hawakujua. Alisema mama yake alimwambia kwamba maji ya kambi yalikuwa na foleni tangu usiku, na aliomba aibu ile isirudi mbele ya mlango wake. Wiki iliyofuata kamati ya maji iliundwa, nusu wenyeji na nusu wakimbizi, wakapanga zamu ya asubuhi na ya jioni. Bomba ni lile lile na foleni bado ipo, lakini ngumi hazijarudi.

Hadithi mbaya nazo zipo

Tusidanganyane, wapendwa. Hadithi ya zamani inaweza pia kuchoma nyumba. Kati ya 1992 na 1994, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walilala wiki na miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na watoto wengi walikufa pale. Kabla ya mawe kurushwa, hadithi ilitangulia. Ilisema kwamba zamani Katanga ilikuwa ya watu fulani tu, kwamba wengine walikuja kula, na kwamba wao ni bilulu, yaani wadudu. Hata hiyo ilikuwa hadithi ya historia, yenye mashujaa na adui.

Basi tutatofautishaje? Kikundi kimepata njia rahisi. Hadithi inayojenga inakuonyesha adui akiwa na mama, akiwa na njaa, akiwa na hofu, na hata shujaa wako inamwonyesha akikosea. Hadithi inayobomoa inakupa kundi zima lisilo na majina, na upande wako haukosei kamwe. Mkisikia hadithi ya namna hiyo kwenye mkutano wa siasa, kanisani au kwenye simu, ulizeni swali la mzee wetu: kweli ni ipi, na kilichotungwa ni kipi?

Tuliyojifunza

Kwa viongozi wanaotaka kuanza kikundi kama hiki katika kambi au kartie zao, tunawaachia mambo sita.

Kwanza, ulizeni kabla ya kuchagua kitabu. Elezeni kwa ufupi kinahusu nini, na mwacheni kila mtu aseme kama anaweza kukisikiliza. Sisi tulikosea hapo.

Pili, anzeni na historia ya mbali kidogo kabla ya kufika kwenye jeraha la jana. Mgomo wa Unguja ulitufikisha stadi ya 1941 bila kumwumiza mtu.

Tatu, someni mpaka mwisho. Hadithi iliyokatwa katikati ya vita inaacha hasira mikononi mwa watu.

Nne, kila mara tenganisheni historia na utunzi, kwa sauti, mbele ya wote.

Tano, asilazimishwe mtu kutoa ushuhuda wake. Anayetaka kusema juu ya mtu wa kitabu aachwe aseme juu ya mtu wa kitabu. Na mtu akionekana kuumia sana, kiongozi aende naye kwa mhudumu wa afya au mshauri wa parokia. Kikundi cha kusoma si hospitali.

Sita, msiahidi kwamba hadithi italeta yale isiyoweza kuleta. Haitarudisha shamba lililochukuliwa. Haitachukua nafasi ya hakimu. Aliyeua na kuchoma anapaswa kujibu mbele ya sheria, na sisi hatutaki kitabu kitumiwe kuziba midomo ya wenye madai.

Basi inafanya nini? Inamfundisha mtu kukaa kwa saa moja ndani ya maisha ya mwingine, kisha kutoka na kumtazama jirani yake tofauti kidogo. Inamwonyesha mkimbizi kwamba hakuanza yeye kukimbia, na kwamba wengine kabla yake walikimbia, wakajenga tena, na watoto wao ndio wenye nyumba wa leo.

Kabla ya kufunga tunawaachia maswali ya kuzungumza mkirudi nyumbani. Ni habari gani ya zamani inayosimuliwa katika familia yenu kwa sauti ndogo? Ikisimuliwa na jirani wa kabila jingine, je, ingesimuliwa namna ile ile? Na watoto wenu wakiuliza ninyi mlifanya nini katika miaka hii, mngependa hadithi yao iseme nini?

Jumamosi ijayo kikundi kinaanza kitabu kipya. Kitabu ni kimoja, lakini viti vipo. Anayetaka kusikiliza anakaribishwa.